Tulia na Kiota cha Bwana Harusi

Habari hii hutaiamini. Nimeisimulia kwenye foleni ya hospitali, wagonjwa wakacheka mpaka wakasahau walichokuja kutibiwa, na wote waliondoka wakisema, huyu mzee ana chumvi. Sawa. Lakini mwenye habari yupo hai. Ni shemeji yangu, alimwoa dada yangu mdogo bila kuniomba ushauri, na studio yake ya picha iko ukitoka tu kituo cha mabasi, kati ya muuza magodoro na fundi wa saa.

Jina alilopewa na wazazi wamelisahau hata wao. Watu wote humwita Tulia, maana ndilo neno lililo mdomoni mwake tangu anafungua mlango mpaka anafunga. Tulia, mama, kidevu chini. Tulia, bwana, funga meno, hii ni ya pasipoti, si ya posa. Na kabla hajabonyeza, lazima aje akuguse. Atakunyoosha kola, atakushusha bega, atakutoa uzi kwenye sweta, atakulaza nywele kwa kiganja. Anayetoka pale anatoka amenyooka kuliko alivyozaliwa. Kuna marehemu mmoja Tulia alimpiga picha ya mwisho, na katika picha ile marehemu anaonekana mzima kuliko ndugu zake waliosimama nyuma.

Maisha yake yote amepiga watu walioketi kwenye kigoda mbele ya pazia la buluu. Kitu kisichojua kwamba kinapigwa picha, ukimtoa yule marehemu, hakuwahi.

Rafiki yake aliitwa Breki. Huyu aliendesha gari la mitungi ya gesi miaka nenda miaka rudi, katika kile kisiwa cha ng'ambo chenye barabara moja ndefu, na jina alipewa na utingo wake. Sababu ni ndege. Breki akimwona ndege hata awe mdogo kama kidole gumba, guu chini. Huko nyuma mitungi inagongana, utingo anasali sala za dini zote, na dereva kashatoa kichwa dirishani anachekelea kama mtu aliyeona mchumba. Tajiri wake alimwonya mpaka akachoka, akamwacha, kwa kuwa gesi ilifika na mtungi haukuwahi kulipuka.

Kisha macho yakaanza kumsaliti. Daktari alimwambia ni presha ya macho: matone yatapunguza mwendo, lakini safari ni ile ile. Akakabidhi ufunguo wa gari.

Mchana mmoja akaingia studio akipapasa ukuta, akaketi kwenye kigoda cha wateja. Tulia, kwa mazoea, akamnyoosha kola. Breki akamwambia aache ujinga, ana neno. Kuna ndege kule kisiwani hajawahi kumwonyesha mtu, hata utingo. Kila msimu anajenga kwenye kichaka kile kile. Mwili wa kahawia nyekundu, kichwa cheusi, na mkia mrefu kuliko yeye mwenyewe, unaning'inia kama koti la kukodi. Breki alimpa jina la Bwana Harusi.

"Nataka picha yake kubwa, ya ukutani," alisema. "Niisogelee mpaka pua iguse kioo. Nikiwa bado nina cha kuonea."

Basi wakavuka na kivuko, na gari la Tulia, ambalo lina milango minne na inayofunguka ni miwili. Aliyeendesha ni Tulia. Breki alikaa pembeni kama mkaguzi wa leseni, akilalamika gia, akilalamika kona, na kila alipoinua mkono, simama. Masikio yake yalikuwa yamechukua kazi ya macho. Angesema kuna mwenye mdomo mrefu upande wa kushoto, kwenye tope, na Tulia akigeuka, yupo kweli, anachokoa. Wakapiga picha vilima vilivyolala kama ng'ombe walioshiba. Wakapiga korongo weupe waliopanga mstari kwenye bwawa la chumvi. Wakapiga mwewe juu ya nguzo ya umeme, na watu waliopita kwa baiskeli wakamsikia mtu mzima na mvi zake akimwambia mwewe, "Tulia, mzee. Kidevu chini."

Breki alicheka mpaka akaomba gari lisimame ashuke acheke vizuri. Anasema dada yangu, mumewe hajawahi kumsimulia jambo lolote kwa furaha kama anavyosimulia asubuhi ile. Kisha husita, na habari inakatika hapo.

Kichaka chenyewe kilikuwa kwenye kona, baada ya machimbo ya mawe yaliyoachwa, pembeni ya mtaro. Hapo ndipo Breki alipokuwa akila chakula chake cha mchana, na utingo akiambiwa abaki kwenye gari. Maskini utingo, alidhani bosi ana matatizo ya tumbo. Sasa Breki akamshika Tulia mkono na kumwambia sharti lake, la kwanza na la mwisho: piga kwa mbali, kiota usikisogelee, jani usiguse. Tulia akaitikia kwa kichwa, kama mwanafunzi anavyoitikia sheria za shule.

Kiota kilikuwa kikombe kidogo kwenye panda ya kijiti, ndani makinda watatu, midomo juu. Bwana Harusi alikuja, akalisha, akakaa juu yao, mkia ukamwagikia nje. Tulia akapiga. Akatazama. Akapiga tena. Tatizo lilikuwa moja: tawi la majani lililokuwa mbele juu lilimtupia ndege kivuli usoni. Mkia unaonekana, uso haupo. Na kwa Tulia, picha yenye kivuli usoni ni picha ya kurudiwa. Hata ubalozi huikataa.

Jua lilikuwa limeanza kumchoma Breki machoni. Akarudi garini, akafunika uso kwa kitambaa.

Tulia akasogea. Ndege akaruka. Mfukoni mwa shati, mahali wanaume wengine huweka kalamu, Tulia huweka mkasi mdogo wa kukatia picha za pasipoti. Akakata jani. Akarudi nyuma, akapima kwa jicho. Akakata vijiti viwili vitatu vingine, taratibu, kwa upendo kabisa, kama anavyomtoa mtu uzi kwenye sweta. Akarudi mahali pake, akangoja. Bwana Harusi akarejea, akazungukazunguka, akakaa. Mwanga ukamwangukia kama taa ya studio.

Ilikuwa picha ya maisha. Hapa hakuna chumvi. Unaona jicho, unaona manyoya ya shingo yanavyong'aa, unaona kinda mmoja akichungulia chini ya bawa la baba yake.

Akampelekea Breki kamera. Breki akaibandika machoni, akaigeuza huku na huku, akakaa nayo muda mrefu. "Ndiye," alisema. Basi. Jioni, kwenye nyumba ya wageni ya mwisho wa barabara, alimpa Tulia kitanda cha karibu na dirisha, na alimwita ndugu yangu mbele ya mwenye nyumba, na mwenye nyumba akauliza kama ni wa tumbo moja.

Kesho yake barabara ya kurudi ilikuwa ile ile. Walipofika machimboni, Breki akainua mkono. Alitaka kuaga.

Jua lilikuwa la utosi. Breki akashuka, akasimama, akatega sikio. Akangoja sana. Kichaka chenye makinda hakinyamazi, mama au baba akipita tu ni kelele, na pale palikuwa kimya. Kwa mbali, juu ya mtaro, Bwana Harusi alikuwa akirukaruka bila kutua. Breki akanyoosha mkono mbele, akaenda nao mpaka ukafika kwenye tawi. Vidole vikapanda na tawi, vikakuta kikonyo. Vikakuta cha pili. Akavipapasa kimoja kimoja, akirudia, kama mtu anayetafuta funguo gizani.

Tulia akasema labda ni mbuzi.

"Mbuzi hana mkasi," Breki alisema.

Akaingiza kidole kwenye kiota. Wawili walikuwa wamekauka, siafu wamekwisha kupiga foleni. Wa tatu hakuwepo. Kwenye nguzo ya pili ya umeme kulikuwa na kunguru, ameketi kama mwenye nyumba. Breki akajifuta kidole kwenye suruali, polepole.

"Jana kwenye ile picha niliona jua limeingia mpaka ndani," alisema. "Nikasema ni haya macho yangu."

Tulia akamwambia alitaka uso utoke. Akamwambia ilikuwa kwa ajili yake.

"Nilikuomba umpige picha," Breki alisema. "Sikukuomba umtengeneze."

Wakapanda gari. Walipita bwawa la chumvi, korongo wamejipanga vile vile, mkono wa Breki haukuinuka. Walipita mwewe. Tulia alipunguza mwendo kusudi, akamtazama kwa pembe ya jicho, akaongeza tena. Kwenye kivuko mmoja alisimama upande huu wa gari, mwingine upande ule, na abiria wakawa wanapita katikati.

Majuto ni mjukuu, lakini ya Tulia yalizaliwa yakiwa na ndevu. Aliichapa picha kubwa kuliko zote alizowahi kuchapa, akaitia fremu, akaifunga kwa karatasi na kamba, akaipeleka mwenyewe. Binti wa Breki akamfungulia, akamwambia baba amelala. Sauti ya baba ilikuwa inasikika sebuleni, ikibishana na redio. Tulia akaacha mzigo mlangoni. Ulirudishwa na mwenye bodaboda, kamba imefungwa kwa mafundo yale yale ya Tulia, haijaguswa. Dada yangu alimwambia mumewe aende tena, akapige magoti kama ni lazima. Akaenda. Binti akasema baba amelala.

Sasa picha iko ukutani mwa studio, kwa sababu hakuna ukuta mwingine unaoitaka. Na hapo ndipo shemeji yangu anapokatwakatwa kila siku. Wateja wakiingia wanaacha shida zao na kukodoa macho. Jamani, ndege gani huyu? Fundi, ulimkaribiaje hivyo? Mwanga huu umeupataje? Kuna bibi harusi aliyetaka lile pazia la buluu liondolewe apigwe picha mbele ya huyo ndege. Kila sifa inaingia kama msumari. Tulia huwaambia tulia, kidevu chini, na siku hizi hamgusi mtu kola. Ukija na kola iliyopinda, unatoka nayo imepinda.

Habari za Breki huletwa na watu. Jicho la kushoto limekwisha kabisa. La kulia linaona mlango kama mwanga tu.

Lakini hasira ya wanaume waliokula pamoja haidumu. Juzi, hapa hapa studio, mlango ukafunguliwa, na nani akaingia? Breki, ameshikwa mkono na binti yake, koti la sherehe, viatu vinang'aa. Hakumsalimu mtu. Akaenda moja kwa moja mpaka ukutani, pua ikagusa kioo, machozi yakamtoka mpaka sakafu ikalowa na wateja wakapandisha miguu, kisha akageuka, akafungua mikono, akasema, "Ndugu yangu, ndege ni ndege, ila mimi na wewe tume—

"Hakuja," alisema Tulia, ambaye kumbe alikuwa amesimama nyuma ya kiti changu, anasoma ninayoandika. "Futa hapo, shemeji. Hakuja."