Khanga Nilizozitupa Matopeni

Mwenzangu unayesoma, nimekosa! Tena safari hii sina wa kumsingizia. Simu ilikuwa yangu, mikono ilikuwa yangu, na uongo nilitunga mwenyewe.

Mimi ni mzaliwa wa Kisarawe, siku hizi naishi Kibaha, huku Mbwawa. Shoga yangu Rehema nilisoma naye shule ya msingi, kisha yeye akarudi kufundisha palepale. Upepo ulipoezua paa la maktaba ya shule, Rehema ndiye aliyeviokoa vitabu. Alivipanga stoo, na kina mama wa kijijini kila mmoja akatoa khanga yake ya kuvifunika visiingie vumbi. Jioni watoto walikwenda kuazima, na watu wazima pia.

Mimi nikajitwisha kazi ya kutafuta msaada ili maktaba ijengwe upya. Niliandika kwenye kundi la wasapu la tuliosoma pale, nikabembeleza, nikapiga simu. Wapi! Watu walinijibu "Inshallah" na vidole gumba.

Ndipo shetani akanipitia. Jumamosi moja nilikwenda shuleni bila kupita kwa Rehema. Mlinzi ananifahamu, akanifungulia stoo. Nikavikuta vitabu vimepangwa, vimefunikwa, vinapendeza. Nikajisemea, nani atatoa machozi kwa hivi?

Jamani, nilivibeba hadi kwenye chumba kilichoezuliwa nikavimwaga chini! Khanga nikazitupa matopeni. Mbuzi wa watu walikuwa wanapita, nikawaacha waingie. Kisha nikarekodi huku najiliza: "Tazameni, ndugu zangu, hapa hakuna anayejali!" Nilipomaliza nikavirudisha stoo haraka haraka pamoja na zile khanga, vingine vimelowa.

Video ile niliituma kundini nikisema nimetumiwa tu, ikasambaa kama moto wa nyikani. Mabati yakaja, saruji ikaja, rafu na rangi zikaja. Nikasifiwa kwa kuhangaikia msaada, nami nikavimba kichwa.

Lakini wakubwa wa elimu nao waliiona. Rehema akaitwa ajieleze kwa nini vitabu vya shule vinaliwa na mbuzi. Kabla hajaenda alinipigia.

"Shoga, ulipita huku?"

"Mimi? Wala! Hiyo video nimetumiwa tu."

Sauti yangu anaijua tangu darasa la kwanza.

"Haya," akasema, akakata simu.

Angenitaja tu, angepona. Hakunitaja. Mafundi walikuwa wameshaanza kuezeka, na nadhani aliogopa wafadhili wakiujua ukweli watajiondoa. Mimi nami nikakaa kimya, Mungu anisamehe! Wakamhamishia shule nyingine, huko Magindu. Tangu hapo simu yangu haipokei.

Maktaba ilipokwisha niliwaita wanakijiji kwenye msaragambo wa kufagia na kupanga vitabu. Nilipika pilau sufuria nzima, nikakodi bodaboda inibebee. Nikasubiri asubuhi yote. Hakutokea mtu! Saa sita hivi nikamwona mama yake Rehema, Bi Mwanaidi, anakuja taratibu. Moyo wangu ukatulia kidogo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Hujambo?"

"Sijambo. Mbona watu hawaji?"

"Watu wana shughuli zao." Akachutama penye rundo la khanga nililolitoa stoo pamoja na vitabu, akawa anazichambua moja moja. "Hii ya Mama Salma. Hii ya jirani yangu. Hii yangu. Tuliziona kwenye simu za watoto, zinakanyagwa na mbuzi. Nimetumwa nizifuate."

Nikapiga magoti nikalia, na safari hii sikujiliza. Hakunitukana. Nilimkaribisha pilau, akasema amefunga. Akazibeba kichwani, akaondoka.

Maktaba ipo, nzuri, inanukia rangi. Mlango una kufuli, na tangu Rehema aondoke hakuna wa kuufungua jioni. Nikienda Kisarawe salamu naitikiwa vizuri tu, ila hakuna anayeniambia karibu ndani. Nilipopata mjukuu wa kwanza nilitaka nimwambie Rehema kabla ya mtu yeyote. Nikaishika simu, nikairudisha mezani. Magindu si mbali na hapa nilipo, lakini sijui nitaingia kwake kwa uso gani!

Wewe unayewaombea watu msaada, nakusihi, omba kwa ukweli hata kama utapata kidogo. Usiwavue nguo watu wako ili wageni wawahurumie. Wageni wale walishatoa, wakaenda zao. Mimi nilipanga vile vitabu peke yangu, na pilau nikarudi nalo Mbwawa.