Kocha Mperu na habari za mkewe

Jumapili iliyopita, kwenye uwanja wa shule huku Falls Church, Marekani, niliona kamati yetu nzima ikishindwa kusema sentensi moja. Kocha wa timu yetu ya soka ya Waswahili ni mzee wa Kiperu. Ujanani alichezea klabu kubwa kwao, baadaye akawa kocha wa klabu nne. Hapa anasafisha maofisi, na sisi alitufundisha bure. Tulipofungwa mechi sita mfululizo, kamati ikaamua aondoke. Mwenyekiti alidhani katibu ameshampigia simu, na katibu alidhani hiyo ni kazi ya mwenyekiti.

Tulimkuta anapanga koni kwenye nyasi.

"Habari za asubuhi, kocha," mwenyekiti alimwambia kwa Kiingereza, huku akifungua na kufunga simu yake ya kukunja. "Mkeo hajambo?"

"Hajambo."

"Na watoto?"

Katibu naye akaulizia goti lake. Mimi nikaulizia hali ya hewa ya Lima.

Mzee akainama, akaanza kuokota koni zake moja moja.

"Mbona unazitoa, kocha? Hata mazoezi hatujaanza," katibu akamwambia.

"Klabu nne zimenifukuza," akajibu taratibu. "Zote zilianza kwa kuniuliza habari za mke wangu."

Akampa katibu koni, akaenda kituo cha basi.

Sisi tumelelewa kutanguliza salamu, na tunajisifu kwamba Wamarekani hawana utu huo. Lakini mzee alitufundisha msimu mzima, na siku hiyo ndipo tulipomuuliza habari za mkewe kwa mara ya kwanza.