Thumuni ya Katwaru

Sonmati aliishi na mumewe miaka arobaini na mmoja bila kumwita jina. Si kwamba walikuwa na ugomvi. Mke aliyefundwa na mama yake halitaji jina la mume, maana kila akilitaja anampunguzia umri, na Sonmati, mkaanga dengu wa uchochoro wa nyuma ya ngazi za Assi, alitaka wa kwake afikishe mia. Mbele za watu alimwita Baba Bindu. Ndani ya nyumba alimwita "wewe", au aligonga karai.

Msimu wa mvua mume akateleza, akavunjika nyonga. Tangu siku hiyo wimbo wake kitandani ukawa mmoja: kazaliwa hatua mia mbili kutoka Mto Ganga, na hajawahi kufanya hija ya ngazi tano za mtoni, kuoga zote kwa mpangilio wake, siku moja, katika mwezi mtakatifu wa Kartik, mvua zikishaisha. Kila mwaka alisema mwakani.

"Nitakufa mchafu," akalalama.

"Kwani uliwahi kuwa msafi? Nyamaza, nitakwenda kukuogea."

Jambo hilo linakubalika. Kuhani anasokota mwanasesere wa nyasi takatifu, mtu anazama naye kwa nia ya yule asiyeweza kufika, na huyo aliyebaki kitandani anapata thumuni ya thawabu, sehemu moja ya nane. Kwa mtu aliyelala chali, thumuni si haba.

Ila nia haiendi bila jina. Hilo Sonmati hakuliwaza mpaka yumo majini, ngazi za Assi, maji kiunoni, mwanasesere mkononi, na kuhani, Pandit Jatashankar, amechutama kwenye kidato cha juu, mdomo umejaa tambuu.

"Jina la mgonjwa?"

"Baba Bindu."

"Ganga haimjui Bindu. Jina!"

"Ukoo wake ni Kashyap."

"Nusu ya mji ni Kashyap, mama. Jina lake!"

Sonmati akajifunika uso kwa pindo la sari. "Mama yake alizika wanne kabla yake. Huyu wakampa jina baya, ili Kifo kimdharau. Ni... pale tunapomwaga taka tukishafagia."

"Aa! Si useme!" Pandit akatema tambuu, akaanza kunong'ona Kisanskriti chake mbio mbio, kama mtu anayekimbilia treni. Sonmati akaziba pua, akazama.

Bechan mwenye mashua akawasha injini. Ngazi ya pili, Dashashwamedh, Sonmati akazama kati ya watu wanaopigana picha. Wakateremka na mto hadi Adi Keshav, ambako alioga na nyati wa kufugwa. Wakapanda tena hadi Panchganga. Kila ngazi kuhani alinong'ona, Sonmati akazama, na mafua yakazidi kumnyemelea.

Ya tano ni Manikarnika, penye moshi wa maiti wanaochomwa. Hapo Pandit, akitaka mashua za jirani zijue nani fundi, akapaza sauti: "Katwaru wa ukoo wa Kashyap ametimiza!"

Sonmati akachomoka majini. "Nani?"

"Mumeo. Katwaru. Takataka."

Bechan akacheka hadi akaachia usukani. Katwaru ni jirani yao wa ukuta kwa ukuta, na kwa ajili ya mfereji wa maji machafu hajasalimiana na mume wa Sonmati miaka thelathini. Naye mama yake alizika watoto. Naye ni Kashyap. Anwani haikupungua kitu.

"Shangazi, umempeleka Katwaru peponi kwa mafuta yangu!"

"Funga mdomo, Bechan. Pandit, mvue."

"Thawabu si shati, mama, haivuliwi. Unaweza kuanza upya kule Assi. Lakini nataka jina, sitaki vitendawili."

Sonmati akakaa ukingoni mwa mashua akichuruzika. "Kulitaja mara moja kunapunguza siku ngapi?"

"Vitabu havisemi."

"Vinasema kila kitu ila ninachouliza." Akapiga chafya. "Bechan, geuza."

Walipofika Assi aliingia majini hadi kifuani, akayaambia maji, "Ghurahu," yaani wa jalalani.

"Sijasikia," akasema Pandit.

"GHURAHU!"

Mfua nguo mmoja aliacha shuka juu ya jiwe, akageuka kutazama.

Jioni, ngazi tano zikiwa zimekamilika kwa mara ya pili, na jina limetajwa kila ngazi, aliingia nyumbani na sari iliyolowa. Alimwekea mumewe kidole chini ya pua.

"Unatafuta nini?"

"Pumzi."

"Ipo. Nimeoga?"

"Umeoga."

"Nasikia umelipayuka jina langu mpaka ng'ambo."

"Mara sita."

Ghurahu akamgeuzia uso. "Lilikuwaje mdomoni?"

"Takataka tupu."

Akacheka mpaka nyonga ikamkata. Kisha akasema polepole, "Litaje basi mara moja hapa, na mimi nilisikie."

"Nimeshakupunguzia siku mara sita leo," akasema Sonmati, akikamua pindo la sari. "Zilizobaki nazihitaji. Lala, Baba Bindu."