Mama Yake Nashipai Yuko Hai

Iko siku moja ya Agosti ambayo sijawahi kuisahau, mwanangu, na nitakusimulia leo kwa sababu nimesikia unafunga mizigo. Mama yako ameniambia umepata nafasi ya kwenda nchi ya mbali kujitolea kufundisha katika shule ya mayatima, na nyumba nzima inakupongeza. Mimi sijakupongeza bado. Usinune. Nisikilize kwanza, kwa maana nimewahi kukaa upande wa pili wa jambo hilo, upande wa darasa linalosubiri mgeni, na niliyoyaona huko yananichemsha damu hadi leo, na mvi zangu hizi.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili. Nilikuwa na cheti changu cha ualimu, safi, hakijakunjwa hata pembe, na kazi hakuna. Serikali ilikuwa imeacha kuajiri walimu. Nikatoka Mumias nikaja kukaa kwa kaka yangu aliyepanga nyumba Kitengela, na nilipochoka kuonekana nimekaa bure nikaenda kujitolea katika shule ndogo ya mayatima nje kidogo ya mji, kule ambako mvua ikinyesha udongo mweusi unakuvua viatu. Mkurugenzi wa kituo alikuwa mtu mpole wa sauti. Aliniahidi barua ya kunipendekeza kwa kazi ya kudumu. Barua hiyo ndiyo iliyonifunga mdomo, na ningeomba uikumbuke kila ninapojitetea hapa.

Wageni walikuja kutoka ng'ambo, vijana wa umri wako, kila mmoja kwa wiki tatu. Walikuwa na mioyo mizuri, sitawasingizia. Lakini mgeni akifika, mimi niliyesomea kazi hiyo niliambiwa nikae nyuma ya darasa, naye akashika chaki. Darasa la saba, watoto wanaojiandaa kwa mtihani wa mwaka unaofuata, walifundishwa rangi za upinde wa mvua. Wiki tatu zikiisha akalia, akakumbatia kila mtu, akaenda. Akaja mwingine, akaanza na rangi za upinde wa mvua. Watoto wale walizijua rangi hizo kuliko walivyojua kugawanya sehemu. Nikiuliza, naambiwa, "Mwalimu, usiwavunje moyo wageni."

Tena kulikuwa na desturi ya kujitambulisha. Kila mgeni alipofika, watoto walisimama mmoja mmoja wakasema kwa Kiingereza jina lao, umri wao, na jinsi wazazi wao walivyokufa. Maneno hayo nani aliyaandika? Mimi. Nani aliyewafanyisha mazoezi? Ni mimi. "Taratibu, Nashipai," nilikuwa nikisema. "Usitabasamu hapo mwisho." Niliwasahihisha matamshi, mwanangu! Mtoto anasema mama yake amekufa, nami namrekebisha matamshi.

Nashipai alikuwa na miaka kumi na mitatu. Baba yake alikuwa amefariki, hilo ni kweli, na ng'ombe wao karibu wote walikuwa wameisha kwa kiangazi. Lakini mama yake alikuwa hai, mzima, mwenye nguvu. Watu walimwita Ng'oto Nashipai, yaani mama yake Nashipai, kama Wamaasai wanavyomwita mzazi kwa heshima. Kila asubuhi alipita barabara iliyo mbele ya kituo akipeleka maziwa ya majirani kwenye soko la Noonkopir, mtungi mkono huu na mtungi mkono ule. Alimleta binti yake ili asome na apate chakula cha mchana, na akasema wazi kwamba likizo atakuwa anamchukua. Mkurugenzi akamwambia asiingie kumwona kabla ya shule kufungwa, eti mtoto hatatulia. Akatii. Aliamini kwamba waliosoma wanajua wanachosema.

Basi Agosti ikafika na shule zote za Kajiado zikafungwa. Ya kwetu haikufungwa. Unajua kwa nini? Kwa sababu Agosti ndipo wageni walikuwa wengi, shule zao zikiwa zimefungwa, na watoto wakienda nyumbani wageni watamfundisha nani? Likizo ya watoto ikafutwa ili likizo ya wageni ipate shughuli. Ng'oto Nashipai alingoja siku ya kwanza, ya pili, hata wiki ikaisha. Mtoto haji. Siku ya nane akaacha mitungi yake kwa rafiki yake wa pale sokoni, akajifunga shuka safi, akaja mwenyewe.

Alifika wakati mbaya kuliko wote. Mgeni mpya, msichana anayeitwa Klara, alikuwa ndiyo kwanza amefika na watoto walikuwa wamepangwa uwanjani kujitambulisha. Mama akasimama nyuma, karibu nami. "Takwenya," nikamsalimu. "Iko," akajibu, lakini macho yalikuwa kwa binti yake, maana zamu ya Nashipai ilikuwa imefika.

Mtoto akamwona mama yake. Akanyamaza. Mkurugenzi akakohoa, akanitazama, nami nikafanya jambo ambalo nikilikumbuka naona aibu hata nikiwa peke yangu jikoni. Nilimpa Nashipai ishara kwa kidole, endelea. Akaendelea. Akasema yote kwa Kiingereza, neno kwa neno kama nilivyomfundisha: kwamba baba yake alikufa, kwamba mama yake alikufa, kwamba hana mtu duniani.

Na mama akapiga makofi.

Hakujua Kiingereza, mwanangu. Alimwona binti yake mbele ya watu akimimina lugha ya wasomi bila kukwama, na fahari ikamjaa usoni. Alipiga makofi mpaka watu wakageuka. Kisha akamwona Klara analia, amempigia mtoto magoti na kumkumbatia.

"Mbona huyu msichana analia?" akaniuliza. "Mtoto amesema nini?"

"Amesema jina lake na darasa lake," nikamjibu. "Mgeni amefurahi tu."

Nilidanganya hivyo, papo hapo, bila hata kumeza mate. Lakini Nashipai alikuwa ameshajitoa mikononi mwa Klara na kuja mbio, na alinisikia. Akamwambia mama yake kwa Kimaasai. Sikuielewa lugha, ila nililiona neno moja moja likimfika yule mama usoni. Ujue kwamba kwao hata aliyekufa kweli halitajwi jina lake ovyo, kwa hofu na kwa heshima. Sasa sisi tulimpanga mtoto mstarini amtangaze mama aliye hai kuwa marehemu.

Hakupiga kelele. Alimuuliza binti yake, kwa Kiswahili, ili nami nisikie, "Umesema hiyo maneno mara ngapi?"

"Kila wageni wakikuja, yeyo," mtoto akasema, akimwita mama kwa lugha yao.

Akanigeukia. "Mwalimu, wewe uko na mama?"

"Niko naye," nikasema. "Yuko Mumias."

"Ni mzima?"

"Ni mzima."

"Basi sema amekufa. Sema hapa, kwa sauti, kama vile ulifundisha huyu."

Nilifungua mdomo. Nilikuwa mtu mzima mwenye cheti, na sentensi ile niliijua kwa moyo, niliitunga mwenyewe. Haikutoka. Nilimwona mama yangu anapepeta mahindi uani, na ulimi ukakataa.

"Ona," akasema. "Wewe mkubwa umeshindwa. Na huyu ni mtoto."

Akamshika binti yake mkono wakaelekea langoni. Hapo ndipo Mkurugenzi, na sauti yake ile ya upole, alipowafikia na kusimama mbele yao. Akasema mtoto ameandikishwa kituoni kama yatima kamili, kwamba karatasi ziko ofisini, kwamba mwanamke yeyote wa njiani anaweza kujifanya mama. Askari wa lango akavuta komeo. Yule mama hakuwa na karatasi. Alikuwa na uso uleule wa binti yake, na hiyo haikutosha.

Klara akaniuliza kuna nini. Wote wakanitazama. Nikaiona barua yangu ikienda zake, nikamwambia kwa Kiingereza, kisha nikarudia kwa Kiswahili ili askari asikie: "Huyu ni mama yake. Ninamjua. Mimi ndiye niliyemfundisha mtoto kusema amekufa, na ni uongo."

Klara akafuta macho. "Wangapi wengine?" akauliza.

"Wengi," nikasema.

Askari akamtazama Mkurugenzi, akamtazama mama, akafungua lango. Usinipigie makofi, tafadhali. Nilisema mara moja baada ya kunyamaza mwaka mzima, na nilisema kwa sababu nilikuwa nimebanwa. Jioni ile nilifukuzwa, na nilistahili, ingawa si kwa kosa walilonifukuzia.

Baada ya siku chache nilikwenda kwao kuomba radhi, nikatembea kote huko hadi nyuma ya Kisaju. Ng'oto Nashipai alinipa chai na hakunipa neno zuri hata moja. Nashipai ndiye aliyezungumza. Alisema kwamba kila alipomaliza kujitambulisha aliogopa kuwa maneno yale yatatimia. Kwa hiyo asubuhi iliyofuata alitoroka somo akasimama kwenye ua wa kituo, anaangalia barabara, mpaka amwone mama yake anapita na maziwa. Ndipo aliporudi darasani. Na mimi, mwanangu, nilipomkuta pale uani nilimwadhibu kwa uvivu.

Sasa unaelewa kwa nini sijakupongeza. Sikuzuii kwenda. Lakini ukifika huko usikimbilie chaki. Muulize mwalimu uliyemkuta wamefika wapi katika somo, ukae nyuma wewe, umsaidie yeye. Wakikupangia watoto wakusimulie misiba yao, kataa, hata ukionekana huna shukrani. Uliza kila mtoto ana nani, mama yuko wapi, shangazi, bibi, na mbona hawaji. Ukijibiwa kwa sauti ya upole na maneno ya kuzunguka, uliza tena. Wala usiseme wewe ni mgeni tu, wa wiki tatu, na kwamba hayo hayakuhusu. Uongo wote ule ulipangwa kwa ajili ya masikio ya wageni, na mgeni mmoja tu angekataa kusikiliza, usingekuwa na kazi. Na wakikuahidi barua, au cheti, au sifa, jiulize ni kitu gani hutaki kukisema kwa kuogopa kuvikosa. Hicho ndicho ukiseme, tena mapema kuliko nilivyosema mimi.

Haya, nenda. Mungu akufikishe salama, akupe watu wema wa kukupokea na moyo wa kuwapenda watoto wa watu bila kuwanyang'anya wenyewe. Na kabla hujapanda ndege, mpigie mama yako simu usikie sauti yake. Yuko hai. Mshukuru Mungu kwamba hakuna mtu aliyewahi kukulazimisha kusema vingine.