Aliyeshika Mlango

Nikinusa blanketi lenye moshi wa kuni, nauona tena ukumbi wa kanisa kule Bura, madirisha yamezibwa kwa mablanketi yetu ili mchana uwe giza la sinema. Kwenye picha, mtu wa chuma alishikilia mlango wa roketi iliyokuwa ikiungua hadi watu wote wakatoka. Yeye akayeyuka.

Kesho yake nyanya alinishika mkono, tukampelekea katekista mayai: yule wa chuma aombewe kwenye misa ya marehemu.

Katekista alicheka. “Mama, ile ni mashine tu. Haina roho.”

“Na wale waliokimbia bila kutazama nyuma,” nyanya akauliza, “hao ndio wenye roho?”

Katekista akafungua daftari la marehemu.

“Niandike jina gani?”

“Andika, aliyeshika mlango.”