Mkono wa Birika

Kila asubuhi, kabla hata ya kubandika chai, nauchunguza mkono wangu wa kulia kama mwizi aliyerudi mtaani. Nafinya ngozi ya mgongo wa vidole: inanyanyuka, au imegoma? Nabonyeza msuli ulio chini ya kidole gumba. Kisha nakutanisha viganja nione kama vinalingana. Nina kisukari, na muuguzi alinionya mapema kwamba ngozi ya mikono inaweza kukakamaa. Nilimwitikia tu. Aliyenifumbua macho ni wifi yangu.

Kwetu Chemchem mgeni haondoki mikono mitupu. Mimi huwachotea karanga za kukaanga, kiganja kimoja kilichojaa, na hiyo ndiyo heshima yenyewe. Siku hiyo nikamchotea wifi. Akazitazama karanga, akanitazama mimi.

"Mh! Wifi, siku hizi una mkono wa birika?"

Mimi, mchoyo? Damu ilinichemka. Nikajua kaja kunipima huyu, hana lolote. Jua halitatua kabla mtaa mzima haujaambiwa kwamba mke wa kaka yake anabania karanga. Nikarudisha mkono kwenye ungo nimwongezee mpaka akome. Nikachota kwa nguvu zangu zote. Zikaja zilezile chache.

Hasira ikaniisha, nikaogopa. Mimi ni msusi wa nywele. Vidole vikigoma, sina kazi nyingine. Nikakumbuka alivyonionyesha muuguzi, nikakutanisha viganja palepale. Vikagusana kwenye ncha za vidole tu. Katikati palibaki pengo, unaona hadi upande wa pili.

"Si uchoyo," nikamwambia. "Havinyooki."

Nilimkodolea macho nikisubiri acheke, maana namjua. Hakucheka. Alinishika mkono, akajaribu kuninyoosha kidole kimoja, kikakataa. Akauliza kama ni sukari. Nikamwambia ndiyo, ni sukari.

"Mama naye alikuwa nayo," akasema.

Mama yake ndiye marehemu mkwe wangu. Ukoo mzima ulimjua kwa ubahili: akikuchotea karanga, unazimaliza kabla hujakaa. Watoto wake wenyewe walimtania mpaka uzeeni, naye alikuwa anacheka tu na kuficha mkono ndani ya khanga.

Wifi hakuuachia mkono wangu.

"Tumemzika na jina hilo, wifi," akasema. "Birika."