Profesa Aliyepinga Utafiti Wake

Dada yangu alikuwa profesa wa uhandisi, mtaalamu wa maji yaliyo chini ya ardhi. Mimi ni fundi cherehani. Nyumbani tulimwita Mama Tope, maana tangu utotoni hakurudi na viatu safi hata siku moja. Uprofesa haukumbadilisha. Aliingia darasani na matope kwenye pindo la sketi, na mimi nilimfulia huku nikimsema, naye akicheka tu.

Jina alilipata kwa utafiti wa mji wetu. Miaka nenda rudi alipima kina cha maji katika kisima kimoja chembamba, kilichochimbwa kwa ajili ya vipimo tu. Kila mvua iliponyesha, maji ya kisimani yalipanda. Akahitimisha kwamba mvua hurudisha ardhini yote tunayoyavuta. Kwa kazi hiyo akapata shahada ya uzamivu, kisha uprofesa, na mji ukachimba visima bila wasiwasi. Wahandisi wa mamlaka ya maji karibu wote walipita mikononi mwake.

Alipokaribia kustaafu, chuo kilinunua kamera ndogo ya kuteremsha visimani. Akaijaribu kwanza kwenye kisima chake, akanikokota na mimi nikashuhudie. Kwenye kioo tuliona bomba la chuma, kisha kiungo kilichoachama, na chini yake michirizi ya kutu ya miaka mingi. Maji ya mvua yalikuwa yakipenya hapo na kujaa ndani. Kule chini kabisa bomba lilizibwa na tope, halikugusana tena na maji ya chini ya ardhi.

Alikaa kwenye ndoo iliyofunikwa, mikono mapajani.

"Nimepima mvua," alisema. "Maisha yangu yote, mdogo wangu, nimepima mvua ndani ya bomba."

Nilimwambia apige kimya, astaafu, ale pensheni yake. Nani angejua? Alinitazama hadi nikaona haya.

Wakati huo mamlaka ilikuwa inapanga kuchimba visima zaidi. Dada akaomba nafasi kwenye kikao chao, nami nikakaa nyuma kabisa. Alieleza yote bila kujitetea: kipimo kilikuwa cha uongo, maji hayarudi, wapunguze kuvuta la sivyo visima vitakauka.

Mwenyekiti alisimama. Alikuwa mwanafunzi wake kipenzi; enzi za shida alikula kwetu mpaka tukamzoea kama mtoto wa nyumba.

"Mama, umetufundisha hata unyenyekevu," alisema. "Lakini hatuwezi kukaa hapa tuone kazi yako inavunjwa, hata na wewe mwenyewe. Bomba moja bovu tu!"

Mwingine akaenda ubaoni, akaandika hesabu za dada, zile zile alizowafundisha, kuthibitisha kwamba alikuwa sahihi. Ukumbi mzima ukapiga makofi.

"Mnashangilia nini?" dada alifoka. "Nimekosea!"

Wakacheka, kwa upendo kabisa. Wakampa saa ya ukutani, zawadi ya kustaafu, kisha wakapitisha visima vipya.

Baada ya hapo alizunguka ofisi hadi ofisi. Kila alikokwenda aliwekewa kiti, akamiminiwa chai, akaitiwa dereva amrudishe nyumbani. Sijawahi kuona heshima ikimtesa mtu kiasi kile. Alikonda, akaugua, tukamzika. Mwenyekiti alilia kuliko sisi ndugu. Nilitamani nimzabe kofi pale pale kaburini.

Visima vilikauka kimoja baada ya kingine. Sasa maji yanaletwa na gari. Juzi kwenye foleni mama mmoja alisonya.

"Haya yote kaleta yule profesa wao. Si ndiye aliwaambia maji hayaishi?"

"Alikuja kuwaambia amekosea," nikasema.

"Alimwambia nani?"

"Wote. Aliwaambia wote."

Akanikagua juu hadi chini, akamgeukia mwenzake, wakaendelea kumsema dada yangu.